Pangani hadi Korogwe kwa Miguu: Njia ya Mto na Sisi wa Chumbageni



Mkutano mkuu uliopita uliamua kwamba harambee ya safari hii isiwe ya kugawa kadi na kukaa ukumbini peke yake. Watu watembee, na kila anayetembea aahidiwe fedha na jamaa zake kwa kila kilomita atakayoimaliza. Likaja swali la kutembea wapi. Wengine walitaka Raskazone hadi Amboni na kurudi, iwe imekwisha kabla ya adhuhuri. Mzee wetu mmoja, ambaye mara nyingi husinzia mkutanoni, siku ile hakusinzia. Alisema, "Kama kutembea, tembeeni njia waliyotembea watu kwa kubebeshwa." Alikuwa akisema njia ya misafara, ile iliyopanda kutoka Pangani ikiufuata mto hadi Korogwe, kisha Mazinde, Upare na Uchaga.

Kabla ya kuwapeleka watu tulikwenda kuijaribu wenyewe, sisi wa kamati ndogo, wanaume na wanawake, kutoka Pangani hadi Korogwe. Ramani inaonyesha kama kilomita 65 ukipiga mstari ulionyooka, lakini mto haujui mstari. Ilituchukua siku nne, na mizigo yetu mikubwa ilibebwa na bodaboda. Haya tunayoandika ni sehemu tuliyoyaona na sehemu tuliyoyajua kabla ya kuondoka, maana njia ile imeandikwa na wengi.

Tuliondoka alfajiri kwa gari hadi Pangani. Tulisimama kidogo Machui kumsomea fatiha Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa forodha. Kama yupo mwana wa Tanga aliyeijua barabara hii ya Pangani, ni yeye.

Pangani ya leo ni mji wa kimya. Nyumba za kale zimesimama na milango yake ya kuchonga, nyingine zimeota miti ukutani, na tulipopita kivuko kilikuwa kikivusha watu kwenda Bweni wakati daraja kubwa likijengwa. Kijana aliyezaliwa leo haamini ukimwambia kwamba miaka 150 iliyopita mji huu ulikuwa mkubwa kuliko Tanga. Lakini ndivyo. Aliyetaka pembe za ndovu kutoka Kilimanjaro na Umasaini alifika Pangani kwanza, kwa sababu mto ulitoa kile ambacho nyika ya Umba haikukitoa, yaani maji ya kunywa kila siku na chakula cha kununua kwa wakulima wa kandokando. Tanga yetu nayo ilikuwa na misafara yake, lakini Pangani ndiyo iliyokuwa mlango mkuu.

Msafara ulianza kwa deni. Mwenye safari alikopa mali kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akaahidi kulipa kwa pembe atakaporudi, na akichelewa deni lilizidi. Mali yenyewe ilikuwa merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, karibu kilo 32, begani au kichwani, juu ya chakula chake na mkeka wake. Mbele alitembea kirangozi, mwenye kuijua njia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Walitembea tangu alfajiri mpaka jua likali, kisha wakapiga kambi. Wengi wa wapagazi hawakuwa watumwa. Walikuwa Wazigua, Wabondei, Wanyamwezi na watu wa pwani waliofanya kazi ya ujira, na wengine walibeba kijimzigo chao wenyewe pembeni wakitumaini kurudi na faida.

Watu hao ndio waliokuwa na ramani vichwani. Mwaka 1870 jarida moja la wanajiografia wa London lilichapisha njia za misafara kutoka pwani yetu hadi maziwa makuu, kituo kwa kituo. Aliyepeleka habari hizo alikuwa mmisionari Thomas Wakefield wa Mombasa, lakini aliyezisema alikuwa Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara, mtu wa upande wa Gazi huko Udigo. Wakefield hakuwa amezitembea njia zile. Sadi alikuwa amezitembea. Mwaka uliofuata, Charles New alipokwenda Kilimanjaro, alikuwa naye huyo huyo Sadi, na New akamlalamikia sana kitabuni. Sadi hakuandika kitabu, kwa hiyo malalamiko yake yeye hatuyajui. Tungependa sana kuyasikia.

Siku ya kwanza tulipita katikati ya minazi na mihogo ukingo wa kaskazini, mara tukiuona mto, mara ukijificha nyuma ya mikoko na matete. Njia ya zamani haiko yote. Sehemu nyingine imekuwa barabara ya shamba, sehemu nyingine shamba lenyewe, na kila tulipofika tulipiga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaomba kijana wa kutuonyesha. Wote walituambia jambo moja: msishuke majini. Mamba na viboko wapo, na hawajasoma historia.

Upande wa pili wa mto, huko Kikogwe, ndiko mkonge wa Tanzania ulikoanzia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipofika ilikuwa imekufa karibu yote, ikabaki 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakatoka mashamba yote yaliyowaleta Tanga babu za nusu ya watu wanaosoma kijitabu hiki.

Lakini kabla ya mkonge bonde lile lilikuwa la miwa, na miwa ililimwa na watumwa. Hapa ndipo kamati yetu ilipogawanyika, na ni vizuri mlijue hilo.

Tulipokuwa tukiandaa makala haya, baadhi ya wazee walituomba tuandike habari za pembe, za wapagazi na za Wajerumani, lakini tuliache jambo la watumwa. Hoja yao haikuwa ya kupuuza. Walisema Chumbageni tunaishi Mbondei na Mdigo, Mzigua na Msambaa, Msegeju, Mwarabu, Mshihiri, Mhindi na mtu wa bara, tumeoana, tunazikana, na ukianza kuchambua nani babu yake aliuza na nani babu yake aliuzwa utavunja nyumba za watu. Wengine tulisema kwamba kama tutatembea njia ile tukiwa tumevaa fulana za chama na kuimba, bila kusema ni nani waliopita pale shingo zikiwa zimefungwa pamoja, basi afadhali twende Amboni. Tuliondoka Tanga bila kukubaliana.

Yanayojulikana ni haya. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwapiga Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na wengi wakaishia utumwani, wengine wakijitoa wenyewe au kuwatoa watoto wao ili wale. Majahazi yaliwapeleka mbali, baadhi yao hadi pwani ya Somalia. Huko walitoroka mashambani, wakajenga vijiji vyao katika misitu ya Mto Juba, na lugha yao hawakuiacha. Somalia ilipovunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wajukuu wao walikimbia tena. Maelfu walipelekwa Marekani kutoka makambi ya Kenya, lakini wengine walikuja kwa vyombo vya bahari mpaka kwetu, wakasema wanarudi kwao. Walipokewa Handeni, baadaye wakapewa makazi Chogo, na wengi sasa ni raia wa Tanzania. Fikirini mtu anafika Handeni baada ya miaka 160 ya ukoo wake kuwa mbali, anamsalimu mwenyeji kwa Kizigua, na mwenyeji anaitikia.

Baada ya njaa zikaja vita. Mfalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, alikuwa na nguvu iliyofika hadi pwani. Majumbe wa Tanga na Pangani walijua mabwana wawili, Vuga mlimani na Sultani wa Unguja baharini, na waliishi kwa kuwaridhisha wote wawili. Mwezi Februari 1857 Waingereza Burton na Speke walipita njia hii hii kwenda kumwona. Walikuta askari wa Kibaluchi wa Sultani wakilinda vituo vya Chogwe, kando ya mto, na Tongwe, juu ya kilima. Magofu ya ngome ya Tongwe yapo hadi leo upande wa Muheza. Kimweri alikuwa mzee sana. Alipowaona wageni waliosifika kwa kutazama nyota na miti, aliwaagiza wamtengenezee dawa ya kumrudishia ujana. Hawakuwa nayo, wakateremka mlima. Kimweri alifariki miaka michache baadaye, na wanawe na wajukuu wakagombana. Wabondei nao waliinuka dhidi ya watawala wa Kikilindi katika yale waliyoyaita Kiva. Mtoto wa Kimweri, Semboja, akaacha kung'ang'ania mlimani. Alikaa Mazinde, chini, njiani, mahali misafara inapopita na bunduki zinaponunulika. Kila upande uliokamata mateka ulijua pa kuwauza, na njia ya kuwafikisha ilikuwa hii ya mto.

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873. Mwaka huo huo watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakatoroka na kujenga makazi yao wenyewe. Mwaka 1876 ikaja amri ya kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Amri ilisomwa, na watu wakaendelea kupitishwa usiku. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922, na wapo kati yetu waliolelewa na watu waliozaliwa kabla ya hapo.

Jioni ya siku ya pili tulilala katika kijiji kimoja chini ya vilima. Wenyeji walitupikia bada na samaki wa mtoni, tukakaa nje. Mama mmoja wa kamati yetu, ambaye katika mabishano yote ya Tanga hakusema neno, aliuliza kama tulikuwa bado tunabishana. Tukasema ndiyo. Akasema bibi aliyemlea mama yake alishushwa njia hii akiwa mtoto, hakujua umri wake. Hakukumbuka jina la kijiji chao. Alichokumbuka ni mto uliokuwa upande wa kulia wakati wote, na kwamba walipofika mahali penye kelele kubwa za maji aliyekuwa amemshika mkono aliachishwa, hakumwona tena. Alifika pwani, akakua katika nyumba ya watu, akaolewa, akazaa. Kwa miaka yote hiyo familia ilisema bibi alikuwa mtu wa Pangani, basi.

Tulimwuliza kama tuliandike hilo. Alisema, "Jina langu msiliandike. Njia iandikeni."

Asubuhi yake tulifika penye kelele za maji. Ni maporomoko ya Pangani, karibu na Hale. Kelele siku hizi zimepungua kwa sababu maji mengi yanapitishwa kwenye mitambo: kituo cha Hale cha mwaka 1964 chenye megawati 21, na kile cha Pangani kilichofunguliwa mwaka 1995, megawati 68. Mtu anayeshuka kutoka bara anakuwa na mto upande wa kulia, kama alivyosema bibi, iwapo anapita ukingo wa kaskazini. Sisi tulikuwa tukipanda, kwa hiyo mto ulikuwa kushoto kwetu. Yule mama aligeuka, akatembea hatua kadhaa kurudi nyuma tulikotoka, akasimama. Hatukumfuata.

Bushiri bin Salim hatuwezi kumruka, ingawa habari zake mnazijua. Alikuwa mwenye shamba la miwa kando ya mto huu. Wajerumani wa kampuni ya Afrika Mashariki walipojitwalia pwani mwaka 1888, maasi yalianzia Pangani, na nguvu yake ilikuwa watu waliomiminika mjini kutoka juu ya mto. Tanga nayo ikapigwa mizinga ya manowari mwezi Septemba. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na kata moja ya wilaya ile inaitwa Bushiri hadi leo. Shujaa alikuwa, na watumwa alikuwa nao. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuyabeba yote mawili kama mwalimu wake hataogopa.

Kutoka Hale hadi Korogwe tulitembea ndani ya mkonge zaidi kuliko kando ya mto, jua kali, miguu imevimba. Korogwe ya zamani haikuwa mji wa ukingoni. Ilikuwa kisiwani, katikati ya mto, kama Maurui jirani yake, na watu walivuka kwa magogo yaliyolazwa juu ya maji ambayo usiku yaliondolewa. Mtu hajengi kisiwani kwenye mto wenye mamba kwa kupenda mandhari. Walikuwa wanawaogopa Wamasai, na walikuwa wanawaogopa watu kama wa kwetu, wa pwani.

Na hapo Korogwe ndipo ilipokutana njia ya mto na reli, na njia ya mto ikafa. Wajerumani walianza reli Tanga mwaka 1893 kwa sababu bandari yetu ina kina na Pangani ina fungu la mchanga mlangoni. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi mwaka 1911, zaidi ya kilomita 350. Mzigo uliohitaji mabega mengi na wiki nzima ulishuka Tanga kwa siku moja. Wafanyabiashara wa Pangani walifunga maduka, wengi wakahamia kwetu. Tunapojisifu kwamba Tanga ni mji mkongwe wa bandari na reli, na sisi wa Chumbageni tuliokulia karibu na stesheni tukisikia honi ya treni kila siku, tukumbuke kwamba mji ule wa kimya ulinyamaza ili wetu uchangamke. Watani wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Waliotoka Pangani walikuja na hawakuondoka, na wengine ni majirani zenu wa mlango kwa mlango.

Kamati ilikutana tena tuliporudi. Wale wazee waliokuwa wamepinga walimsikiliza mama yule, safari hii akisema mwenyewe mbele ya watu. Mmoja wao alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwao yapo makaratasi ya babu yake yenye majina ya watu na bei, yamefungwa kwenye kasha, na kwamba hajui ayafanyeje. Tulimwomba asiyachome. Amekubali kuyahifadhi, na tunatafuta mtu wa kuyasoma pamoja naye, nyumbani kwake, bila kuyatangaza.

Sasa mambo ya mwaka huu. Fedha za matembezi ni za paa la madarasa na vyoo vya shule ya msingi, kama mlivyoona katika kurasa za mbele, na sehemu ndogo ni ya kurekodi sauti za wazee wetu kabla hawajatutoka. Asiyeweza kutembea siku zote nne anaweza kuungana nasi Hale kwa siku ya mwisho. Mwenye kuahidi na aandike ahadi yake kwa mweka hazina kabla ya safari, si baada. Tutasimama penye maporomoko kwa dakika chache, kila mtu kwa dini yake, bila spika na bila hotuba. Mje na kofia, maji ya kutosha, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Sisi tulikwenda na vipya, tukafika Korogwe tumevishika mkononi.